Ombi la Geti la Nyuma

Mwaka mzima na miezi minne baada ya Hamdi, jirani yake wa ploti, kukatwa vidole, Kalunde bado alikuwa anaogea chumbani, amechuchumaa ndani ya karai kama mtoto, mlango ameufunga kwa ufunguo na kuuegemezea kiti. Bafu la ploti lilikuwa hatua ishirini tu kutoka mlangoni pake, lakini hatua hizo ishirini hakuzitaka. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mjane, aliyewahi kuua swila kwa mpini wa jembe huku wanaume wakipiga kelele kutoka juu ya ukuta, sasa alikuwa anaogopa bafu. Anayetaka kumcheka na amcheke, ila kwanza akaoge mle.

Ploti yenyewe ilikuwa nyuma ya maduka ya Mukuyuni. Vyumba kumi vilitazamana, ua wa saruji ukiwa katikati na kamba za kuanikia nguo juu yake. Mwisho kabisa palikuwa na choo, bafu, na geti la mabati lililotokea kwenye kijia cha nyuma. Komeo la geti hilo lilivunjika zamani. Tangu hapo lilifungwa kwa waya, na waya hufunguliwa na yeyote mwenye vidole. Mwenye ploti alikuwa Gedion Musyoka, mzee wa kanisa, ambaye soko zima lilimwita Elder. Kalunde alikaa chumba namba moja bila kulipa kodi. Kazi yake ilikuwa kufagia, kupokea wapangaji wapya na kusikiliza malalamiko yao.

Siku mbili kabla ya kesi aliyofunguliwa na Hamdi, Elder alikuja na mkate na kilo mbili za sukari, akaketi kwenye kile kiti cha kuegemeza mlango.

"Sasa, Dada Kalunde," alisema, "keshokutwa wakili wangu atakuuliza swali moja tu. Kama uliniambia mambo ya huyo mtu wa panga. Wewe uliniambia?"

Kalunde alimtazama. Elder hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha. Mume wake alipofariki, Elder ndiye aliyenunua jeneza, na baada ya matanga ndiye aliyempa chumba hiki akamwambia akae mpaka Mungu afungue mlango mwingine. Mlango mwingine haukufunguka. Mwanawe Mulei alikuwa Emali akibeba mizigo, mwenyewe akilala kwa rafiki.

"Sikukuambia, Elder."

"Basi, sema tu hivyo. Na useme mimi sijakuandika kazi. Uko hapa tu juu ya kusaidiwa. Ukisema wewe ni caretaker, korti itasema kuambia wewe ni kuambia mimi."

"Na geti, Elder? Si hata saa hii tungeweka komeo?"

"Wakili amekataa. Anasema nikitengeneza kabla ya kesi ni kama nimekubali makosa."

Kusoma ni kuzuri, lakini kuna mahali akili za wasomi hufika zikamwacha mtu mdomo wazi. Geti lililomleta mwenye panga limeachwa wazi ili isije ikaonekana kwamba lilikuwa wazi, na wapangaji wanane bado wanalipia kulala mbele yake.

Elder aliinuka, akafika mlangoni, akageuka. "Na ile daftari ya maombi ya ushirika, nitaipitia." Alisema hivyo kwa sauti nyepesi, kama mtu aliyekumbuka mwavuli. Kalunde ndiye aliyelitunza daftari hilo.

Mambo yalianza hivi. Mwizi wa ploti ile alikuwa mtu wa siku ya soko. Siku hiyo wapangaji wote huwa wametoka tangu alfajiri, na ikifika saa nane mchana ua unabaki na kuku. Soko la kwanza, nguo zilitoweka kambani. Soko la pili, mlango wa Wavinya, mwalimu wa chekechea wa chumba namba nne, ulivunjwa na mtungi wake wa gesi ukaenda. Soko la tatu, Hamdi wa chumba namba sita, aliyeuza madera na shuka, alirudi mchana kuongeza mzigo, akamkuta mwanamume amesimama kando ya bafu. Alikuwa na gamboti za mpira miguuni na gunia mkononi, na mpini wa panga ukichungulia guniani. Walitazamana. Mtu yule alitoka kwa geti la nyuma polepole, bila hata kugeuka.

Hamdi alitoka familia ya Kiislamu ya Mwingi, na mumewe Mahad alinunua mbuzi huko Nuu akiwapeleka masoko ya mbali, kwa hiyo siku nyingi alikuwa peke yake. Siku ile alikuja kwa Kalunde akitetemeka mpaka meno.

"Mama Mulei, wallahi huyo mtu atarudi. Ambia mwenye ploti aweke komeo. Kama haweki, mimi nahama."

"Nitamwambia, mama. Tulia."

Na hakumwambia. Anayekaa bure haoni rahisi kumwonyesha mwenyewe nyufa za nyumba yake. Lakini watu wa kanisa lile wana njia ya kusema jambo zito bila kulisema. Jumapili alasiri, ushirika hukutana nyumbani kwa Elder, kila mmoja hutoa ombi lake, na katibu huliandika kwenye daftari kabla halijaombewa. Jambo usiloweza kumwambia mtu usoni unampelekea Mungu, mtu mwenyewe akiwa amepiga magoti hapo hapo na masikio yake mawili. Wanawake wengi wa Mukuyuni wamewanyoosha waume zao kwa njia hiyo. Katibu alikuwa Kalunde, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Akaandika tarehe, akaandika: *Tuombee wapangaji wa Elder, hasa dada wa chumba sita. Geti la nyuma halina komeo. Mtu mwenye panga anaingia siku za soko.* Akalisoma kwa sauti.

Elder mwenyewe ndiye aliyeomba. Aliomba mpaka shingo ikamtoka mishipa, akimsihi Bwana asimamishe malaika wake penye geti lile la nyuma mchana na usiku. Watu wakasema amina, Elder akafuta macho, chai ikaletwa.

Kalunde alirudi ploti mzigo umemshuka. Kwake yeye, alikuwa amesema. Kwake Elder, nadhani, alikuwa ametenda. Na hapo ndipo wote wawili walipokosea, kila mmoja akamwachia Mungu kazi ya fundi wa kuchomelea vyuma. Hamdi alikuwa amesimama mlangoni akimngoja.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia," Kalunde akajibu. "Fundi anakuja Jumatatu."

Habari ya fundi haikutajwa popote. Ilimtoka tu mdomoni, ili yule binti aache kutetemeka, na kweli akaacha. Jumatatu ilipita, na nyingine ikapita. Kila Hamdi alipouliza, Kalunde alisema fundi ana kazi nyingi. Wiki ya tatu, siku ya soko, saa nane mchana, mwenye gamboti alirudi, na Hamdi naye akarudi kuchukua mzigo. Majirani walipovunja mlango wa mbele wa ploti, mwizi alikuwa ameshapita alikopitia siku zote. Hamdi alikuwa ameketi sakafuni, mkono wa kulia ameupakata. Vidole viwili vilikuwa kwenye saruji. Kalunde ndiye aliyeviokota, akavifunga kwa leso, na hospitali hawakuweza kuvirudisha. Mwenye panga hajapatikana hata leo.

Baada ya hapo Hamdi alihamia Mwingi kwa dada yake Intisar, akapata wakili, msichana mkali anayeitwa Mwongeli. Mwongeli alikuja ploti mara moja kupiga picha za geti, na Kalunde akamwuliza iweje ashtakiwe mzee wa watu badala ya mwizi.

"Mama, hakuna anayesema Elder alikata mtu," Mwongeli alimjibu. "Na mwenye ploti si polisi. Lakini sheria inamuuliza: ulijua huyu mtu anakuja? Ulijua anapitia wapi? Kama ulijua, au ungefaa kujua, ulifanya nini? Basi. Kesi yote iko hapo, alijua ama hakujua."

Tangu siku hiyo Kalunde hakulala usingizi wa kumaliza. Alimwogopa mwenye gamboti, hilo ni wazi. Aliogopa kutupiwa vyombo nje, akaanze kutafuta pa kulala na umri huu. Aliogopa kuonekana kanisani kama mtu aliyemuuza Elder. Lakini hofu iliyomkaba koo ilikuwa nyingine, na hakuna aliyeijua, si Elder, si wakili. Hamdi bado alimpigia simu kila Idi na kila Krismasi. Bado aliwaambia watu kwamba Mama Mulei ndiye mtu pekee aliyemtetea.

Kesho yake, siku moja kabla ya kesi, ilikuwa siku ya soko. Siku hizo Kalunde alikuwa na desturi ya kwenda kukaa kwenye kibanda cha mboga cha Ndunge hadi jioni, si kwa kuuza wala kununua, ila asibaki ploti peke yake. Watu walishamzoea pale. Siku hiyo hakwenda. Alitaka kusoma daftari akiwa peke yake, aone kama maneno yalikuwa mazito vile alivyoyakumbuka. Alibandika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye jiko, akafunga mlango, akaegemeza kiti, akasoma. Yalikuwa mazito kuliko alivyoyakumbuka.

Saa nane kasoro, akasikia waya wa geti ukifunguliwa.

Ulifunguliwa taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Kisha bati likalia kidogo. Kisha nyayo kwenye saruji, viatu vizito, zikipita bafu, zikipita chumba cha kumi, cha tisa. Kalunde alijaribu kuomba, maneno yakakataa. Alifikiria kupiga kelele, lakini ni nani angesikia, na soko lote lile linaunguruma? Nyayo hazikusimama kwa mlango wowote. Zilikuja moja kwa moja mpaka kwake.

Ufunguo ukaingia kwenye kitasa na kuzunguka.

Ana ufunguo, Kalunde akawaza, na hapo karibu roho imtoke. Alinyanyua sufuria ya muthokoi kwa mikono mitupu, hata moto asiusikie. Mlango ulisukumwa, kiti kikaburuzika, uso ukachungulia. Ulikuwa uso wa Elder.

"Ngai!" Elder alirudi nyuma, mkono kifuani. "Dada Kalunde! Si leo ni siku ya soko?"

"Ni siku ya soko, Elder."

Walibaki hivyo, yeye na sufuria inayofuka, Elder na ufunguo wake wa akiba. Kichwani mwa Kalunde palikuwa pamepambazuka. Mtu huyu alijua siku ambayo ua haubaki na mtu. Alijua saa. Alijua geti gani halimzuii mtu wala halimtangazi. Kila alichokijua mwizi, Elder alikijua, na kesho atasimama aape kwamba hakujua.

Elder naye nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe, maana alikaa kitandani bila kukaribishwa, akaonekana mzee ghafla. "Usinifikirie vibaya. Mimi naogopa, dada. Hii ploti ndiyo chakula yangu na mke wangu Kathini mpaka tuzikwe. Nikishindwa kesho, nitaiuza. Halafu wewe utaenda wapi? Nipe tu hiyo daftari. Ni mali ya ushirika."

Daftari lilikuwa wazi kitandani, karibu na goti lake. Kalunde angeweza kulikalia. Angeweza kusema hapana, neno fupi la silabi tatu. Lakini alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutoa anachoombwa. "Chukua," alisema. Elder akalikunja, akalitia ndani ya koti, akatoka kwa njia ile ile aliyoingilia.

Kortini kule mjini Wote, mashahidi hungoja nje. Kalunde alikaa kwenye benchi la baraza mpaka saa tano, viganja vimevimba kwa moto wa sufuria, akasikia jina lake likiitwa mara mbili ndipo akainuka. Aliapa akishika Biblia. Elder alikuwa safu ya mbele na mkewe Kathini. Upande wa pili alikuwa Hamdi, mtandio wa kahawia mpaka magotini, mkono wa kulia ameuficha ndani. Hamdi alimtabasamia.

Wakili wa Elder aliuliza swali lake moja. "Ulimwambia Bwana Musyoka kuhusu mtu mwenye panga?"

"Sikumwambia."

Elder alishusha mabega. Mwongeli akasimama.

"Mama, Hamdi alipokuletea hiyo habari, wewe ulifanya nini?"

Kalunde aliona chumba namba moja, karai lake, ndoo zake mbili. Angeweza kusema hakufanya kitu, na ingeishia hapo.

"Nilipeleka ombi," alisema. "Kwa ushirika. Nyumbani kwa Elder."

"Nani aliliombea?"

"Elder."

"Alijua anaombea nini?"

"Nilisoma kwa sauti. Mtu wa panga, siku za soko. Elder akaomba akitaja geti. Geti la nyuma."

Kathini alishika mdomo. Wakili wa Elder alikuwa ameshainuka, akitabasamu kidogo. "Mheshimiwa, maombi si ripoti. Na hayo maandishi yako wapi? Hayapo mbele ya korti. Mteja wangu hakumbuki maombi kama hayo, na ninapendekeza kwamba hayakuwahi kuombwa."

"Aiee, wakili!" Elder alikuwa amesimama. "Usiseme hivyo. Mimi niliomba. Niliomba na roho yangu yote, hata nikalia."

Hakimu alimwamuru aketi. Akaketi, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa amekubali kukana kwamba alijua. Kukana kwamba aliomba, mbele ya Mungu wake na mke wake, kulimshinda. Kalunde alimwonea huruma, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapumua. Alidhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Wakili yule aliruhusiwa kumuuliza tena, akafungua ukurasa mwingine wa karatasi zake.

"Sawa. Tuseme hatari ilijulikana. Aliyeijua kuliko wote ni nani? Ni Hamdi mwenyewe. Alimwona huyo mtu kwa macho yake. Alisema atahama. Na bado akakaa pale wiki tatu. Shahidi, kuna mtu alimfungia mlango asihame?"

"Hapana."

"Basi alikaa kwa hiari yake. Alijua, akakaa, hatari akaichukua mwenyewe. Sina swali lingine."

Halikuwa swali. Hakuna aliyemtaka Kalunde ajibu. Hakimu alikuwa ameinama akiandika, karani amemwonyesha njia ya kushukia. Angeshuka tu. Hamdi angebaki akimtabasamia miaka yote, angepoteza kesi kwa sababu hakuhama, na asijue ni kwa nini. Hofu ilimpanda Kalunde, kubwa kuliko ile ya ufunguo mlangoni, akashika ubao wa kizimba kwa viganja vyake vilivyoungua.

"Mheshimiwa, si hiari," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Alikaa kwa sababu yangu. Mimi nilimdanganya. Nilimwambia nimeshaongea na Elder, fundi anakuja Jumatatu. Sikuwa nimeongea na mtu. Hakukuwa na fundi."

Kalamu ya hakimu iliendelea kwa muda mrefu. Kalunde alitazama kalamu hiyo, asithubutu kutazama upande wa mtandio wa kahawia. Kisha hakimu akataja tarehe ya hukumu, watu wakainuka.

Barazani, Elder alipita bila kumwona. Kathini alisimama kidogo. "Mwisho wa mwezi utaniletea ufunguo," alisema, si kwa ukali, akamfuata mumewe. Mwongeli alikuja akamshika Kalunde mkono kwa furaha, akasema maneno mengi, kwamba sasa kesi ina miguu, kwamba ushahidi kama huo haupatikani kila siku. Kalunde hakumsikia. Alikuwa anamtazama Hamdi, aliyekuja polepole akasimama mbele yake.

"Hukumwambia," Hamdi alisema.

"Sikumwambia, mama."

Hamdi alitikisa kichwa, kama mtu anayepiga hesabu ya jambo la zamani. Hakuwa na hasira, na Kalunde aliomba moyoni angekuwa nayo.

"Ile Jumapili, Mahad alikuwa ameshapata chumba Matiliku," Hamdi akasema. "Vitu tulikuwa tumefunga, Mama Mulei. Hata godoro. Wewe ukaniambia fundi anakuja, mimi nikampigia simu nikamwambia asilete gari."

Kalunde alifungua mdomo aseme pole. Hamdi alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, akijishikilia ukutani kwa mkono wa kushoto.